Fyuzi ya Mia na Hamsini

Waliosema mchelea mwana kulia hulia yeye hawakuwa watu wakatili, ingawa ukiisikia methali yao kwa mara ya kwanza unaweza kuwadhania hivyo. Hawakusema mwana alizwe. Walichosema ni kwamba chozi lina zamu yake, na ukilizuia lisimtoke mtoto siku yake, litakungoja wewe mbele ya safari, tena likiwa limekua. Wazazi wengi huikubali methali hii wanapoizungumzia nyumba ya jirani. Ikibisha hodi kwao, wana udhuru. Fundi naye alikuwa na udhuru wake, na ulikuwa udhuru mzuri. Ndiyo maana ulimponza.

Karakana yake ilikuwa mahali lami inapokatika na changarawe kuanza. Lilikuwa banda refu la mabati, lenye meza ya mbao iliyojaa makovu ya kulehemu na harufu ya plastiki ya moto isiyotoka hata mvua inyeshe wiki nzima. Kazi yake ilikuwa umeme wa magari: taa, honi, starta, na siku hizi muziki, kwa maana vijana wamependa gari liimbe kuliko litembee. Ukutani alikuwa amegongomea ubao na kutundika fyuzi zilizoungua, za kila rangi, nyingine zimepasuka tumbo, nyingine zimeyeyuka kiuno. Mteja akiuliza ni za nini, Fundi alimjibu, "Hao ni askari wangu. Kila mmoja alikufa yeye ili gari la mtu lisife."

Alikuwa na desturi moja ambayo mafundi wenzake waliicheka. Kabla ya kufunga fyuzi alikata kipande cha waya, akamtia mteja mkononi na kumwambia, "Shika. Huu ni mnene au mwembamba?" Mteja akisema mwembamba, Fundi alitoa fyuzi ndogo. Mteja akitaka kubwa, alionyeshwa kwanza waya mnene na kuelezwa kwamba viti vyote vitang'olewa ili upite. "Fyuzi hailindi muziki," alikuwa akisema. "Inalinda waya. Waya ukibebeshwa umeme kuliko nguvu zake unapata joto, ukipata joto gamba linayeyuka, na gamba likiyeyuka zulia la gari liko papo hapo. Kwa hiyo katika safari nzima, wa kwanza kusema basi lazima awe fyuzi."

Hakuna aliyewahi kumng'oa hapo. Wenye pesa walijaribu, wenye vyeo walijaribu, marafiki wa utotoni walimletea habari za zamani wakidhani atalainika. Waliondoka wamenuna, na wengi wao walirudi. Jina la Fundi lilijengwa juu ya neno hapana, na alilijua hilo na kulionea fahari. Mtu mmoja tu chini ya jua ndiye ambaye Fundi hakuwahi kumwambia hapana ikakaa.

Yeye na mkewe walijaliwa watoto wawili. Wa kwanza alikuwa binti, ambaye alikuja kuwa mshonaji wa sare za shule, mtu wa maneno machache na kazi nyingi. Baada yake ikapita miaka mingi hata majirani wakachoka kuuliza, ndipo akaja wa mwisho, aliyeitwa Kitinda tangu siku ya kwanza. Huyo Kitinda alipokuwa mchanga alishikwa na homa kali. Alilia usiku na mchana mpaka sauti ikamkauka, akawa anafungua kinywa na hakitoki kitu. Fundi alimtembeza ukumbini hospitalini huku amemlaza begani, na alipofika kwenye dirisha la mwisho akajiapia moyoni kwamba huyu akipona, hatalia tena maadamu baba yake yu hai. Mtoto akapona. Na Fundi, maskini, akakishika kiapo ambacho hakuna mtu aliyemwomba.

Kitinda akililia baiskeli, baiskeli inakuja. Akichoka na shule kabla ya kengele ya mchana, baba anakwenda kumwombea ruhusa. Mama yake alijaribu kusema. "Mume wangu, huyu mtoto unamlea au unamwabudu?" aliuliza siku moja, na Fundi akajibu, "Mwache, bado mdogo." Alisema bado mdogo Kitinda alipokuwa anatambaa, akasema bado mdogo alipoanza kuvunja sauti, na ndevu zilipomwota, yeye wimbo wake ulikuwa ule ule.

Tumpe kijana haki yake: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mcheshi, mkarimu, mwenye sauti ya kutangazia ambayo ingeweza kukuuzia kiatu kimoja ukaondoka umefurahi. Ila alikuwa amejifunza jambo moja mapema, kwamba baba yake haombwi mara mbili. Ukimwomba mara moja akakataa, unanyamaza tu. Kilio cha Kitinda sasa kilikuwa kununa, na kununa kwake kulikuwa na nguvu ya kuhamisha ukuta.

Alipofikia umri wa kujitegemea akaamua kufanya kazi ya gari la matangazo. Duka likifunguliwa, yeye yupo na spika zake. Bidhaa mpya ikiingia sokoni, yeye anaipigia mbiu mitaani. Wazo lilikuwa zuri, lakini gari hakuwa nalo. Mwenye gari alikuwa dada yake, gari dogo lenye buti refu ambalo lilimpeleka mashuleni na marobota ya sare. Dada alilifikiria ombi hilo muda mrefu. Mwishowe akafika karakana na funguo, akampita mdogo wake aliyekuwa amenyoosha mkono, na kumkabidhi baba yake.

"Baba, nakupa wewe," alisema. "Mwisho wa wiki atalitumia. Lakini gari hili ndilo mkono wangu wa kulia. Yeye nampenda, ni damu yangu, ila neno ninaloliamini ni lako. Ukiniambia liko salama, nitalala."

"Halitatoka hapa bila kuwa salama, mama," Fundi alijibu. Fundi alimwita binti yake mama tangu binti huyo alipokuwa mdogo, maana alipewa jina la bibi yake, mama yake Fundi. "Neno langu ndilo hilo."

Kitinda akaja na amplifaya yake ya kwanza, imo ndani ya boksi lenye picha ya radi. Juu ya radi paliandikwa wati elfu tatu. Aliliweka boksi mezani kwa mikono miwili kama mtu aletaye mahari.

"Elfu tatu, baba. Nimepiga hesabu mwenyewe. Elfu tatu gawa kwa volti kumi na mbili za betri, unapata ampea mia mbili na hamsini. Kwa hiyo fyuzi ni ya mia mbili na hamsini."

"Hesabu umeipiga vizuri," Fundi alisema, "ila umeipigia uongo." Akaitoa amplifaya kwenye boksi na kuigeuza ubavu. Hapo palikuwa na fyuzi mbili ndogo zimekaa bega kwa bega. "Soma hapa."

"Thelathini. Na hii thelathini."

"Sitini. Aliyeitengeneza anajua kwamba haitakula zaidi ya hapo, la sivyo fyuzi zake mwenyewe zingekatika. Sitini zidisha kwa volti za gari linalounguruma, kumi na tatu na ushei, unapata kama mia nane zinazoingia. Nyingine zinapotea kwa joto. Zinazobaki kupiga ngoma ni mia tano, mia sita ukiwa na moyo wa huruma. Hizo elfu mbili na mia nne nyingine ziko kwenye rangi ya boksi."

Kitinda akakuna kichwa. "Kwa hiyo nimeibiwa?"

"Hujaibiwa. Umenunua amplifaya nzuri ya wati mia sita ndani ya boksi la kujisifu. Mwandishi wa boksi ni muuza boksi, mwanangu. Mwandishi wa fyuzi ni mtu anayeogopa moto."

Wakacheka wote wawili. Fundi akamtia mwanawe waya mkononi kama anavyomfanyia kila mteja, akaupitisha chini ya zulia toka mbele mpaka kwenye buti, akafunga fyuzi ya sitini shibiri moja tu kutoka kwenye betri. Gari likaimba. Wiki zikapita, dada akapeleka sare zake siku za kazi na Kitinda akapiga mbiu mwisho wa wiki, na Fundi akadhani amewatendea haki wanawe wote.

Lakini mtu akionja asali huchonga mzinga. Kitinda alipata amplifaya ya pili, na boksi la hii lilikuwa na radi mbili na wati elfu tano. Hakumwambia baba yake. Aliiunga mwenyewe kule nyuma, kwenye waya ule ule uliokuwa ukibeba ya kwanza. Katika kazi iliyofuata, alipopandisha sauti tu, muziki wote ukakatika. Akabadili fyuzi. Ikakatika tena. Ijumaa asubuhi akaliomba gari kwa dada yake, akaingia nalo karakana uso umemshuka, na mkononi ameshika fyuzi zilizoungua.

Fundi alifungua buti, akaona kilichofanyika, na hakuhitaji kuuliza. "Hawa askari hawana kosa," alisema. "Wameona punda mmoja amebebeshwa mizigo ya wawili, wakasema basi. Hapa tunahitaji waya mnene, na fyuzi ya kufanana nao. Mjini umekwisha, nimeuliza jana kwa ajili ya mteja. Mzigo unaingia wiki ijayo."

"Kazi ni kesho, baba."

Kazi yenyewe ilikuwa ufunguzi wa duka kubwa la samani, mitaa michache tu kutoka karakana. Mwenye duka alikuwa na mengine manne mbioni kufunguliwa, na alikuwa amesema wazi kwamba atakayefanya vizuri kesho ndiye atakayeyapigia mbiu yote.

"Basi ifungue hii ya pili, nenda na moja," Fundi alisema. "Moja inatosha."

"Nimewaambia nina wati elfu nane."

"Umewaambia rangi ya boksi."

Safari hii Fundi alicheka peke yake. Kitinda alikuwa akitazama droo iliyo chini ya meza. "Ile ya mia na hamsini si ipo humo? Iweke tu. Ni kesho tu, baba."

"Ile ni ya waya mnene. Nikiiweka hapa, waya utaungua na yenyewe ikiwa inautazama."

Kitinda alikwenda akaketi kwenye kigoda karibu na ukuta, mikono katikati ya magoti. Chakula cha mchana kilipoletwa kutoka nyumbani hakukigusa. Fundi alikula matonge mawili, naye akaacha. Akaenda kushughulikia taa za lori la mteja, lakini kila alipoinua kichwa aliuona mgongo wa mwanawe umepinda. Alijua anafanyiwa nini. Hebu tusimdhanie kuwa mjinga. Alijua kabisa kwamba mchezo ni ule ule wa baiskeli. Alipiga moyo konde, akajiambia leo sibanduki.

Saa za jioni Kitinda alinyanyuka, akajipangusa suruali. "Haina neno, baba," alisema kwa upole. "Nitampigia nimwambie siwezi. Nimeshazoea kuwa mtu asiyeweza."

Macho yalikuwa yamemlowa, na safari hii hayakuwa ya mchezo. Fundi aliyaona, akakikumbuka kile kiapo cha ukumbi wa hospitali.

Hapo ndipo akili, ambayo ni mtumishi hodari wa moyo, ilipoanza kumletea sababu. Waya wenyewe ni shaba safi, si ule wa kuchanganya. Kazi ni ya asubuhi, jua halitakuwa kali. Sauti ikiwekwa nusu, umeme hautavuka hata sabini. Wengine hawajui mpaka uko wapi, ndiyo maana nawakataza, lakini mimi naujua. Mteja yeyote angemletea hoja hizo, Fundi angemkatia waya na kumwambia ashike. Sasa alijiletea mwenyewe, na hapakuwa na wa kumtia waya mkononi.

"Ngoja," alisema.

Akavuta droo, akatoa fyuzi ya mia na hamsini, akaifunga kwa mikono yake mwenyewe. Skrubu ya mwisho ilikataa kidogo kukaza, akailazimisha. "Sauti isipite nusu. Nusu, umenisikia?"

"Nusu, baba."

Uso wa kijana ukafunguka, akamkumbatia baba yake na mafuta yote yale ya kazi. Na Fundi alifurahi. Lisemwe wazi, maana bila hilo kisa hiki hakina maana: alifurahi kuliko alivyofurahi kwa muda mrefu, akafunga karakana huku anapiga mluzi, na kijana akalirudisha gari kwa dada yake.

Kabla ya kulala binti yake alipiga simu, kama alivyofanya kila Ijumaa. "Baba, gari liko salama?"

"Liko salama, mama."

"Basi asubuhi akija kulichukua nitamwachia marobota kiti cha nyuma, yakae humo humo. Ni sare za shule nzima, Jumatatu alfajiri wanazitaka, na mgongo wangu umechoka kupandisha na kushusha."

Palikuwa na nafasi hapo, pana ya kutosha, ya kusema usiziweke. Kusema hivyo kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka ukweli. "Sawa," Fundi alisema.

Kesho yake alikuwa karakana, amelala chini ya lile lori, alipoisikia sauti ya mwanawe ikija juu ya mabati ya mtaa. Ilikuwa safi, inakaribisha watu kwa heshima na mzaha, na ngoma chini yake ikipiga taratibu. Nusu, alijiambia. Mtoto ana adabu. Akaendelea kukaza nati huku akitabasamu na vumbi la lori linamwingia machoni. Wateja wawili waliokuwa wakingoja walisema huyo mtangazaji ni hodari, naye akawaambia ni wa kwangu huyo.

Kisha watu wa kule dukani wakapiga kelele za kutaka zaidi, na ngoma ikapanda. Fundi akaacha kukaza. Ikapanda tena. Sikio lake lilijua kuliko kipimo chochote: ile si nusu, wala si robo tatu. Alijitoa chini ya lori na spana mkononi. Alisimama mlangoni, akiiomba fyuzi ikatike, akiomba kwa dhati kama mtu anayeombea mgonjwa, na papo hapo akakumbuka kwamba fyuzi ile haitakatika, kwa kuwa yeye ndiye aliyeizuia isikatike.

Fyuzi ikikatika, muziki hufa ghafla. Huu haukufa ghafla. Ulianza kukwaruza, ukayumba, sauti ya mwanawe ikazama katikati ya neno, ikarudi, ikazama. Fundi alikuwa tayari anakimbia. Wateja walishangaa kumwona mtu mzima wa makamo yake akikata mtaa bila kiatu kimoja.

Alipofika, moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye milango ya gari na watu wanarudi nyuma. Ndimi za moto zilikuwa zinafuata sakafu, toka mbele kwenda nyuma, kwa mstari ule ule alioupitisha waya. Kitinda hakuwa nje. Alikuwa ameingia kiwiliwili ndani ya mlango wa nyuma, anavuta marobota ya dada yake na kuyatupa barabarani, moja baada ya jingine, plastiki iliyoyafunga inamyeyukia mikononi. Amplifaya zake mbili zilikuwa kwenye buti na hakuzitazama. Fundi alifungua boneti, akaikata betri kwa spana, huku watu wa dukani wakija na mtungi wa kuzimia moto na ndoo za mchanga. Wakamvuta kijana nje. Moto ukazimwa, lakini ndani ya gari hapakubaki kiti.

Fundi alitazama pembeni mwa betri. Fyuzi ya mia na hamsini ilikuwa imekaa mahali pake, nzima, inang'aa, haina hata kovu.

Zahanatini walimlaza Kitinda kwenye chumba chenye vitanda viwili na dirisha moja. Mikono yote miwili ilikuwa imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko. Daktari alisema atapona, ila vidole viwili vya mkono wa kulia huenda visikunjike tena kama zamani. Mama alikuwa ameketi miguuni pa kitanda, mkono wake juu ya shuka. Fundi alisimama karibu na dirisha.

Dada mtu aliingia akiwa na uzi umeshikana kwenye nguo, maana alikuwa ametoka cherehani moja kwa moja. Alimtazama mdogo wake, akaitazama mikono, akashika chuma cha kitanda. "Imekuwaje?" aliuliza.

"Ni mimi, dada," Kitinda alijibu kabla mtu hajapumua. "Fyuzi ilikuwa inakatika. Nikaingia karakana baba akiwa hayupo, nikachukua kubwa kwenye droo, nikaweka mwenyewe."

Aliyasema hayo akiangalia ukuta. Sauti haikutetemeka. Maumivu yalikuwa yanamtoa jasho usoni, lakini macho yalikuwa makavu kabisa, na Fundi, aliyeyajua machozi ya mtoto huyu kuliko alivyojua kiganja chake, alimtazama akamwona mtu mzima asiyemfahamu.

"Ulimwona baba miaka yote hii," dada alisema, na sasa hasira ilikuwa inampanda polepole. "Umekulia chini ya ule ubao. Mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata kwa fyuzi ya honi. Angekuwa yeye pale, ungethubutu? Mimi gari nilimpa yeye, kwa sababu yeye hafanyi hivyo. Wewe ukaja ukalichafua jina lake."

Kitinda akaitikia kwa kichwa. "Kweli, dada."

Kila neno la sifa lilimwingia Fundi kama pini. Njia ilikuwa wazi mbele yake, tena imefagiliwa. Kunyamaza tu. Wateja watasikia kwamba kijana hakusikia la mkuu, ubao utabaki ukutani, binti ataendelea kupiga simu kila Ijumaa na kulala. Mwana mwenyewe ameshalipa na hadai kitu. Fundi aliinua macho, akakuta mkewe anamtazama. Alikuwa amekaa naye miaka mingi, hakuhitaji kuambiwa.

"Si yeye," Fundi alisema.

Binti akageuka.

"Fyuzi niliiweka mimi. Jana jioni, kwa mikono hii. Alinuna, nikashindwa. Nilijua waya hauwezi, nikaiweka."

"Baba, acha," Kitinda alisema.

"Ndugu yako hajaingia karakana nikiwa sipo. Nilikuwepo. Nilikuwepo mno."

Binti alimkazia macho baba yake, si kwa hasira. Ingekuwa hasira Fundi angeweza kuibeba. Alimtazama kama mtu anayepiga hesabu upya tangu mwanzo.

"Nilikuuliza kwa simu," alisema.

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza liko salama, ukaniambia liko salama. Ndipo nikaweka sare." Akaigeukia mikono ya mdogo wake, akaendelea kwa sauti ya chini. "Ndizo alizozifuata."

Fundi alifungua kinywa ajibu, na hakikutoka kitu. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, na pale pale, mbele ya mkewe na wanawe wote wawili, yule mtu aliyewakatalia wenye pesa na wenye vyeo aliangua kilio. Hakulia kwa adabu ya wazee. Alilia mabega yakimruka, akalia mpaka sauti ikakauka.

"Usilie, baba," Kitinda alisema. "Baba, tafadhali usilie." Akainua mikono amfute baba yake machozi, ikamshinda, kwa kuwa ilikuwa ni bendeji tupu na haikuwa na vidole vya kufutia, akaishusha tena juu ya shuka, na baba yake akaendelea kulia.

Mchelea mwana kulia, hulia yeye.